Mashine ya Pili

Alhamisi, 18 Julai
Nimeweza! Flashi ilikataa faili, ati kubwa mno. Laptopu skrini yake kiganja tu, na mama na wageni wake wanataka kuiona arusi ya dada yangu Ibtihal kwenye TV. Basi nikaiunganisha laptopu na mashine ya gemu ya Qusay iliyo kwenye TV, kwa waifai, bila waya hata mmoja. Qusay, kaka yangu, akasema hayo si mambo yangu — nikamfungia nje ya sebule. Video ni ya ukumbi wa wanawake, na kamera iliyoruhusiwa humo ilikuwa yangu peke yake. Mama kapiga vigelegele hadi sauti imemkauka. "Binti yangu ndiye aliyepiga video," anamwambia kila mgeni. Najivunia. Kwa nini nifiche?

Ijumaa, 19 Julai
Mtihani. Laptopu inaonyesha mashine mbili zinaichukua video. Yetu ni moja!

Waifai tunatumia jengo zima, sisi chini, ami na familia yake juu. Na mimi niliifungua folda kwa yeyote aliye kwenye laini. Mashine ya juu ni ya Zeid, mtoto wa ami, aliyemposa Ibtihal akakataliwa. Mama yake hakukanyaga arusini. Tangu Machi hatusalimiani. Na dada yangu humo anacheza kichwa wazi, mabega wazi, kwa kuniamini mimi. Dakika arobaini na moja zimetazamwa. Nimekata.

Nimempigia Ibtihal mwenyewe, bora alisikie kwangu. Kaniuliza: "Kama ni Zeid, Hanadi, nitamtazamaje mume wangu?" Nimelia.

Jumamosi, 20 Julai
Mama katoka kwenda sokoni tu, mlango ukagongwa. Mama Zeid. Nikajua nimekwisha.

Kaongea chini chini. Zeid yuko kazini mjini Akaba wiki ya pili sasa, rimoti ya juu anayo yeye mama mtu. "Umekata, mwanangu. Nilikuwa nimefika anapovishwa dhahabu."

Kisha: "Nani kapiga? Picha safi."

"Mimi."

"Nilijua. Wengine wangemkata miguu kwenye picha."

Kichwa kimenivimba, nakiri. Nimemkaribisha, nimemwashia TV. Anatazama, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Naandika jikoni, kahawa inachemka. Mama kafika mlangoni, namsikia akihema na mifuko yake. Nimetoa vikombe vitatu.