Duara la Mama Gia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeleta mteja! Mimi, niliyeambiwa na mwalimu wa hesabu kwamba nitafaa kubeba mbao tu. Mteja ni mwenye chuo cha udereva anakofundisha shemeji, mume wa dada. Shemeji ndiye aliyenipigia debe. Mama mwenyewe ana sauti ya lori linalopanda mlima, nimempa jina la Mama Gia — hajui, na asijue. Bosi wa kampuni yetu ya matangazo amenikabidhi tangazo lake. Mtu akitafuta mtandaoni pa kujifunzia gari, chuo chake kitokee juu kabisa. Wenye digrii, meza ya dirishani, wananitazama kama mwiba. Watanizoea.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Gia simu tangu asubuhi. Kila akijitafuta kwenye simu yake, hajioni. Nikamweleza: tangazo linazunguka mji mzima, huyu akiliona yule halioni, na bajeti ya siku ikiisha linalala. Akasema yeye hakulipa ili lilale. Bosi akanijia na kikombe chake cha chai: jioni huyo mama awe amejiona, la sivyo utajua mwenyewe.

Nikajua! Kwenye ramani ya matangazo unachora duara — walio ndani wanaliona tangazo, walio nje hawalioni. Nikalifinya mpaka ukabaki mtaa wa Mama Gia. Nyumba yake, ofisi yake, na hapa kwetu, upande huu wa barabara kubwa, basi. Kwa siku moja tu, nizime moto. Jioni akapiga: "Mwanangu, nipo namba moja. Mungu akuzidishie."

Kichwa hiki, jamani.

Jumanne, 11 Machi

Bosi kanisifia mbele ya wenye digrii. Sasa kila mteja msumbufu anachorewa lake. Ofisi nzima wanaliita duara la dogo. Nikataka kulipanua la Mama Gia, siku moja imeshakuwa nyingi. Bosi kakataa. Ukilipanua atapotea tena kwenye simu yake, akipotea atahama, akihama wewe unamfuata. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji karudi mapema. Kakaa sebuleni, viatu hajavua. Wiki nzima hajapata mwanafunzi mpya hata mmoja. Gari la kufundishia limeegeshwa mpaka paka wamehamia kwenye boneti. Dada akanigeukia: si ulisema tangazo lako linavuta watu kama sumaku? Nikasema linavuta. Mdomo huu!

Jumatatu, 17 Machi

Mama Gia kashapata mchawi wake. Kamwambia shemeji: mimi kila siku najiona namba moja, kwa hiyo watu wanatuona, wanapiga simu, na wewe unayepokea unawafukuza kwa ukali wako. Shemeji mkali! Mtu anayemwomba radhi mbu kabla ya kumpiga.

Nikaenda kwa bosi: tulipanue leo hii. Akaniuliza nani alilichora. Kwa upole. Huo upole ndio ulionitisha.

Nikajaribu kuingia mwenyewe kwenye akaunti ya matangazo. Nywila imebadilishwa.

Jumanne, 18 Machi

Naandika chooni, ofisini. Daftari nililificha ndani ya shati.

Mama Gia yuko chumba cha mikutano. Kamleta shemeji aachishwe kazi mbele ya mashahidi, halafu arudishe funguo za gari. Bosi kaonyesha michoro yake, mistari yote inapanda. Shemeji habishi. Anazungusha funguo kidoleni, polepole.

Halafu Mama Gia akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayelishika. Mwambie shemeji yako. Tangazo linaonekana, halionekani?"

Bosi akanitazama.

Shemeji ndiye aliyejibu. "Mwacheni dogo. Yeye kafanya kazi yake."

Nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia huku chooni.

Na dawa naijua. Kumwambia mama achukue simu yake, atembee mpaka ng'ambo ya ile barabara kubwa, nje ya duara, ajitafute akiwa kule. Basi. Hajioni. Hapo mimi sina kazi, na shemeji anayo.

Kuna anayegonga. Shemeji. Anauliza tumbo linaendeleaje, aniletee maji?

Nimemwambia asirudishe funguo kwanza.

Halafu anauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kwa nini —