Gitaa la Besi Hujaribiwa kwenye Mbao

Elia, mume mwenzangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Akheri migomba imezaa, na mke wetu, yaani bibi yako, ni mzima, ila masikio yamepungua sana.

Umeniuliza ununue gitaa gani la besi. Umemuuliza mwenyewe! Shule niliishia njiani, lakini kwa besi hakuna aliyenifikia mlimani hapa.

Bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani Arusha mjini, nilichagua gitaa jekundu kwa sababu liling'aa. Nikajitapa wiki nzima. Jumapili, katikati ya wimbo wa kwaya, umeme ukakatika na spika ikanyamaza. Sauti zikaanza kupotezana.

Bibi yako, msichana wa sauti ya pili, alikuwa amesimama juu ya benchi na wenzake wa nyuma. Akaninong'oneza, "Wewe mwenye mbwembwe, liegemeze hapa kwenye benchi!"

Nikaligandamiza. Benchi likatetemeka, wakaipata besi kwa nyayo, na wimbo ukafika salama. Namshukuru mpaka leo. Nilimwoa kabla wengine hawajaamka.

Basi dukani, kabla ya kuchomeka waya, liegemeze kwenye meza. Meza isipotetemeka, liache, hata liking'aa vipi. Mkanda chukua mpana, bega litakushukuru.

Halafu lilete huku. Kila jioni naegemeza langu kwenye kiti cha bibi yako, naye huimba sauti ya pili. Hajawahi kupotea.

Babu yako, bingwa