Gilasi ya Muzee Saidi Inakungoja Kamenge

Mukubwa wangu uliyejificha Uvira,

Nakuandikia kwa mukono huu huu uliokuwa unaupinda nyuma ya mugongo wangu hadi niseme we ndio bingwa. Sikusema kwa kupenda, ujue. Siku hizi kifua changu kimepanuka, ukirudi nitakulaza chini kabla hujavua viatu. Kwa hiyo soma polepole, na usicheke maandishi yangu. Shule nilitoroka mwenyewe, apana kufukuzwa.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakunywa? Tunatoka kupigana na vijana wa Carama, mi mudomo umepasuka, we magoti yanatoka damu, tunaingia moja kwa moja kwenye kibanda cha maziwa cha Muzee Saidi. Tunakaa kwenye benchi lake kama askari waliotoka vitani. Gilasi kubwa, maziwa ya moto, andazi juu yake. Ulisema maziwa ndiyo yanatengeneza ngumi, mi nikamaliza yangu nikamaliza na yako. Na Muzee alikuwa na desturi yake. Kila akifungua bido, lile dumu lake la maziwa, anamimina kidogo kwenye kifuniko, anaonja mbele yetu, anapangusa ndevu, ndipo anatupatia. Alisema tangu miaka ile watu walipokuwa wanaogopana, hajamupa mutu kinywaji ambacho yeye hajakionja. Katika muji huu hata mutoto anajua maana yake: kilichoonjwa hakina sumu.

Kisha tumbo langu likanigeuka. Sikukuambia, bingwa mzima atasemaje kwamba gilasi moja inamushinda? Nilisingizia andazi, nikasingizia maharage ya mama. Lakini kadiri ndevu zilivyoota, ndivyo maziwa yalivyozidi kunipiga.

Siku yenyewe unaijua, ila uliiona kutoka upande wa ngumi. Mi nilikuwa upande wa tumbo. Idi ilikuwa imepita, pilau ya Muzee tulikuwa tumeila nyumbani kwake hadi tukafungua mikanda. Siku ile akamimina bila kuonja. Mi niliona, na we uliona, maana ulimutazama. Nikakunywa ya kwanza, yangu, na ya pili, yako, kwa sifa, kwa sababu yule musichana wa duka la jirani alikuwa anaangalia. Hatujafika hata kwenye kona, tumbo likashikwa na mikono kama ya mutu anakamua nguo. Nikaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa mufereji, damu machoni, matapishi meupe juu ya shati langu jipya. Nilifungua mudomo niseme, yakatoka maziwa.

Nikakusikia unasema polepole, "Hakuonja."

Halafu ukakimbia kurudi kibandani.

Yaliyofuata niliyaona nimelala ubavu. Ulimutoa Muzee nje kwa ukosi wa kanzu. Ngumi ya kwanza ilimupata kwenye taya, ikalia kama kuni kavu. Ukanyanyua bido ukamupiga nayo mukono aliokuwa anajikinga nao, ukapiga tena hadi mukono ukaning'inia. Ukataja sumu. Watu waliposikia neno hilo wakaja na mawe, hata akina mama waliolea watoto wao kwa maziwa yake. Kibanda kikavunjwa ubao kwa ubao. Maziwa yakatiririka kwenye vumbi, damu ikaingia ndani yake, mbwa wakaja kulamba. Mukubwa, mbwa wale walilamba yote na hakuna hata mumoja aliyekufa. Hakuna mutu aliyewatazama. Polisi walipofika, we ulikuwa umeshavuka mupaka wa Gatumba, na Hamisi, mutoto mukubwa wa Muzee, alikuwa ameapa kwamba siku utakayorudi atakukata mikono yote miwili.

Nilipopata nafuu, mama alinichemushia maziwa kwa mukono wake, ili nguvu zirudi. Nikakunywa. Nikaanguka tena, pale pale jikoni. Mama akaangalia gilasi, akaniangalia, akakaa chini kwenye simenti. Unajua mama hawezi kuniua, labda siku ile nilipouza redio yake. Kwenye hospitali kubwa ya Kamenge daktari akatueleza kwamba watu wengi wakishakua, tumbo linaacha kujua kazi ya kuyavunja maziwa. Hata kama utotoni walikunywa kama ndama. Kivuguto, yale maziwa ya kuganda, kidogo naweza. Nikamuuliza kama kuna sindano ya kulikumbusha tumbo, akacheka. Mama hakucheka.

Basi nikaenda nyumbani kwa Muzee. Peke yangu, uliandike hilo mahali. Hamisi alinipokea kwa kofi, kisha teke la mbavu. Nilimurudishia moja ya pua, nzuri sana, ungenipongeza. Ndugu zake wakaongezeka na mi nikawa chini. Nikiwa chini nikasema walete maziwa, waonje wao wenyewe, halafu wanipe. Walidhani nawatania. Hamisi akaonja huku ananitazama kama mutu wa kuchinja. Nikaichukua gilasi ile ile nikaimaliza.

Tumbo halikukawia. Lilinipiga katikati ya ua wao, mbele ya wanawake na wale vijana wote wanaoniita bingwa. Nililia kama mbuzi. Mambo ya suruali sikuandikii. Hamisi alisimama na gilasi mukononi, anajisikiliza tumbo lake, na tumbo lake halisemi kitu. Wa kwanza kucheka alikuwa Muzee mwenyewe. Alicheka ameshika taya, maana bado linamuuma, na ule mukono mwingine umepona vibaya, umepinda kama usukani wa baskeli.

Kisha akaacha kucheka. Akasema siku ile alikuwa amefunga. Ramadhani, mwezi ambao hufungua kibanda baada ya futari tu, ilikuwa imekwisha, ndiyo, lakini yeye hufunga na zile siku sita za baada ya Idi. Basi, ni hilo tu. Angeonja vipi?

Akaniita karibu. "Mwambie kaka yako arudi. Atakaa kwenye benchi, nitamumiminia mbele ya watu wote, na mi sitaonja. Akikunywa, yamekwisha."

Hamisi akaitika mbele ya baba yake. Panga lake ameliweka juu ya kabati. Nilimuona analiweka. Sijamuona analitupa, na sitakudanganya.

Kibanda kimejengwa upya. Benchi ni lile lile. Mi nakaa mwisho wake na kivuguto changu kidogo kama mutoto wa kliniki, na mahali pako nawafukuza watu kwa viwiko. Juzi nilimupasua mutu mudomo kwa sababu ya hiyo nafasi. Mama akipita anajifunika uso kwa kitenge, kwa aibu ya ule mukono wa Muzee. We huogopi ngumi ya mutu yeyote, nakujua. Lakini gilasi isiyoonjwa, imemiminwa na mukono uliouvunja we mwenyewe, hiyo nataka nione kama unaiweza. Kama huiwezi, usiniambie tena habari za ubingwa. Kama unaiweza, njoo, nitasimama kati yako na kabati.

Zamani gilasi hiyo ungenisukumia mimi. Safari hii tumbo langu limekataa.

Mudogo wako, aliyekumalizia gilasi zote isipokuwa hii.