Madirisha ya Darasa la Nane

Nyumbani, chini ya Katito
14 Oktoba 1984

Nyakwara, mjukuu wangu Walter,

Tangu Pasaka hujakanyaga hapa, na Kisumu si ng'ambo! Miguu imekufa, ama kiti cha ofisi ya elimu kimekunasa? Mimi mzima, ila goti. Unakula lakini? Anayeniandikia ni Dorca fundi cherehani. Maneno makali ni yangu, usimkasirikie.

Serikali imesema mwakani watoto wasome mpaka darasa la nane. Vizuri. Shule yetu ina vyumba saba, tukaambiwa cha nane ni kazi ya wazazi. Basi tumekijenga sisi wanawake wafinyanzi. Mkaguzi wenu amekuja, akatazama madirisha, akasema yako chini mno, chumba hakipiti. Kisipopita, binamu yako Apiyo na wenzake wa darasa la saba watasomea ng'ambo ya mto, na mvua ikinyesha mto haupitiki. Ongea naye.

Ni mimi nyanyako,
Dani Perez

Kisumu
2 Novemba 1984

Dani mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Mimi ni mzima na ninakula.

Naona aibu kuja. Faili la chumba chenu liko mezani kwangu. Anayetia sahihi ni mimi. Kanuni inataka dirisha lianzie kifuani mwa mtu mzima, watoto wasichungulie nje. Yenu yanaanzia magotini! Serikali ndiyo italeta mwalimu, haiwezi kukubali kila mtu ajenge apendavyo. Yainueni kidogo tu. Mafundi kama ninyi mlikoseaje vipimo?

Mjukuu wako,
Walter

Nyumbani
11 Novemba 1984

Walter,

Goti linakusalimu. Mimi bado nimekasirika.

Hatukukosea. Tulimpima mfinyanzi mwenzetu Seline akiwa ameketi chini, chungu mapajani. Macho yake yalipofika, hapo tukaweka dirisha. Kazi yetu tumeihamishia nje ya ukuta huo, kwenye kivuli. Mwalimu wa darasa la sita mliyetuletea alipotea majuma matatu, watoto wakafurahi, wasimwambie mtu. Nani alimkagua? Kuleta mwalimu ni kazi ya serikali, hatuna uwezo huo. Lakini akishafika anataka macho. Macho yenu yapo Kisumu, yetu yapo hapa dirishani.

Ukitaka yainuliwe, njoo uyainue mwenyewe, nikiwa nimekaa hapo.

Dani

Kisumu
19 Desemba 1984

Dani,

Hamjambo nyote? Nimetia sahihi. Mkubwa wangu aliuliza mbona madirisha yako chini. Nikamjibu, "Ni ya wakaguzi, mzee." "Wakaguzi gani?" "Wafinyanzi. Wanakuja kila siku, na hawadai nauli." Alicheka mpaka akamwaga chai, kisha akagonga muhuri.

Walter

Nyumbani
10 Februari 1985

Nyakwara wangu,

Goti limepona, ama nimelisahau. Mwalimu amefika, kijana mpole. Siku ya kwanza alichelewa, Seline akagonga chungu kwa kijiti mpaka tukamwona akija mbio, shati halijafungwa vifungo. Tangu hapo anatusalimu sisi kwanza, ndipo watoto. Apiyo anakaa karibu na dirisha; akisinzia, namfinya sikio bila kuinuka.

Pasaka imekaribia. Njoo siku ya shule, si Jumapili, na hiyo suti uiache Kisumu. Beba stuli yako: hapa ukutani tumejaa.

Dani wako