Kiungo Ulichokificha Ndani ya Gundi

Baba Wanja,

Nimeanza barua hii mara tatu na mara zote niliandika "mpendwa" nikafuta. Leo sina mpendwa. Leo niko na hasira, na kwa vile umelala huko shambani kwenu Kiserian na huwezi kunikatiza kama ulivyozoea, utanisikiliza mpaka mwisho.

Ni miezi mitano tangu tukuzike. Duka liko palepale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Binti yako Wanja alikubali niendelee nalo. Redio zimepungua, siku hizi watu wanaleta DVD na simu. Lakini maikrofoni bado zinakuja, zile za bei nafuu kutoka China tulizokuwa tukizifungua, tunang'oa bodi yake, tunaweka yetu yenye valvu, ile chupa ya kioo ya redio za kizamani, mpaka sauti iliyokuwa ikikwaruza kama bati inatoka nene na tamu. Ni kwaya ngapi, kuanzia hapa mpaka Loitokitok, zimeimbia kazi ya mikono yetu? Nimesema yetu, Baba Wanja. Usijifanye hujasikia.

Kila mara mimi nilitengeneza kisanduku cha umeme, nikachomelea waya mrefu, nikasafisha kila kitu kwa spiriti. Wewe ukazungusha waya wa transfoma. Halafu ulichukua maikrofoni ukaenda nayo nyumbani kuimalizia, na ikirudi dukani imemwagiwa ile gundi ya tyubu mbili, nene, ngumu kama jiwe, huoni kilicho ndani. Hata namba za valvu ulizikwangua kwa msumari. "Ukiachia watu siri, kesho wanafungua duka mbele yako," ulisema, na mimi nikacheka pamoja nawe. Miaka minane tumekaa meza moja, tumekula githeri ya sufuria moja, na sikujua kwamba nami nilikuwa mmoja wa hao watu.

Unakumbuka maikrofoni zilivyokuwa zikitatarika? Kwaya ikiimba nusu saa, pumzi na vumbi vikiingia, maikrofoni inaanza kutatarika kama bisi kwenye sufuria, na wateja wanarudi wamevimba. Ulihangaika na hilo jambo karibu mwaka mzima. Mimi ndiye niliyechukua kadibodi ya pakiti ya majani chai nikakuchorea. Nilikuambia kile kiungo kimoja, pale sauti inapoingilia kwenye valvu, kisiguse bodi kabisa, kwa sababu bodi inashika unyevu na sauti inavujia hapo. Tukiinue. Kikae hewani, kishikwe na nyaya zake tu.

Ulinicheka mbele ya Mama Nasieku, kiongozi wa kwaya ya Rombo, aliyekuwa amefunga safari yote hiyo kuja kulalamika. "Umeme hauanikwi kama nguo, msichana wangu." Msichana! Nilikuwa na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Mama Nasieku akacheka, nami nikacheka, kwa sababu ningefanya nini? Nikaigeuza ile kadibodi nikaweka kikombe juu yake.

Baada ya mwezi mmoja maikrofoni ziliacha kutatarika. Nilipokuuliza umefanya nini, ukasema, "Hayo ni mambo ya studio." Zamani uliwahi kufanya kazi kwenye studio fulani Nairobi, na hiyo studio ilikuwa jibu la kila swali. Nikaamini. Nilikusifu mpaka sokoni.

Sukari ilipokulaza hospitalini Kajiado, nilikuletea uji kila siku kwa wiki mbili. Nilikuomba unieleze kilicho ndani ya gundi. Sikukuomba kwa ujanja, nilikuomba kama mtoto anavyomwomba baba yake. "Utajua tu," ukasema, ukageukia ukuta. Wiki mbili, Baba Wanja! Ulipata nguvu ya kunielekeza mbwa wako anapenda kulishwa saa ngapi.

Halafu mazishi. Wanja aliniomba niandike sehemu ya kazi yako katika wasifu wa mazishi kwa sababu mimi ndiye niliyejua maneno ya kazi hiyo. Niliandika, na nikasimama mbele ya jeneza nikasoma kwa mdomo wangu, kwamba wewe peke yako ndiwe uliyepata dawa ya kutatarika, na kwamba siri yake umeenda nayo. Nilisoma nikilia. Watu walinipa kitambaa.

Mwezi uliopita Mama Nasieku akarudi na maikrofoni yake imekufa kabisa, na kwaya yake imebakisha wiki moja tu irekodi. Akaniangalia, akaangalia kiti chako. "Sasa Baba Wanja ameenda, nani atatengeneza? Wewe si ulikuwa unamshikia tu?" Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sababu iliniuma zaidi. Nikajua kwamba nikishindwa na hiyo moja, sitaletewa tena kazi ya maana, nitabaki kuchomelea nyaya za chaja mpaka nizeeke.

Kwa hivyo niliivunja gundi yako. Niliazima blow dry kwenye saluni ya jirani, nikaipasha moto mpaka ikalegea, nikaichokoa kwa kisu kidogo kidogo, kutwa nzima, vidole vikavimba. Chini yake nikakuta kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi kimefunikia kitu. Nikakibandua.

Kilikuwa kiungo changu. Kimeinuliwa hewani, kimeshikwa na nyaya zake tatu, hakigusi bodi popote. Hata nyaya ulizipinda upande uleule niliozipinda kwenye mchoro. Na kifuniko uliweka ili gundi isikiguse, maana yake ulielewa sawasawa nilichokuambia, ukaelewa vizuri mpaka ukakilinda.

Na unajua kilichokuwa kimeharibika? Ile kapasita ya karatasi, kidude cha kushika chaji, uliyoitoa kwenye redio kuukuu, ukaapa kwamba vitu vya zamani ndivyo vyenye sauti. Ilikuwa inavuja. Nilikuambia tununue mpya, ukanikatalia. Nimeweka mpya, na sauti imekuwa safi kuliko ulivyoiacha. Halafu nikakaa sakafuni nikalia kwa hasira mpaka mwenye saluni akaja mbio akidhani nimepigwa na stima.

Usiniambie eti "utajua tu" ilikuwa njia yako ya kuniachia nijionee mwenyewe. Nimeifikiria hiyo usiku na mchana na nimeikataa. Ulikuwa na mdomo. Ungesema, "Nekesa, ulikuwa sawa." Ni maneno matatu tu, hata mgonjwa anayaweza.

Mama Nasieku alipokuja kuichukua, alisema "Sopa", salamu ya Kimaasai, mbele ya maikrofoni, akajisikia kwenye spika, akashika kifua. "Ashe oleng, asante sana! Hata kaburini Baba Wanja anatufanyia kazi." Nikamwambia hapana. Nilimwonyesha kiungo, nikamkumbusha siku mliyonicheka. Akaniuliza, "Sasa mbona kwa mazishi ulisema ni yake?" Kwa sababu sikujua, Baba Wanja. Umenifanya niibe kitu changu mwenyewe, nikakukabidhi mbele ya umati, na nikashukuru.

"Basi andika jina yako hapo ndani," akaniambia, "ikiharibika tujue wa kutafuta."

Nimeandika. Sikumwaga gundi, nimefunga kwa skrubu nne, na anayetaka kufungua afungue aone. Ndani ya kifuniko cha maikrofoni nimeandika "Kiungo cha hewani: Nekesa, Kitengela." Chini yake nimeandika "Transfoma: Baba Wanja", kwa sababu uliizungusha kwa mkono wako na sijaona nyingine kama hiyo. Nilitamani sana kuliacha jina lako nje. Nikaona nikifanya hivyo nitakuwa wewe.

Wanja bado sijamwambia. Nitamwambia, lakini nitamngojea kwanza apumue.

Kwaheri, Baba Wanja. Lala. Sijaja kaburini na sitakuja mpaka niweze kusimama hapo bila kukugombeza mbele ya wajukuu wako. Lakini kuna jambo moja limenikera kuliko hata gundi. Mama Nasieku alipoanza kuimba, na sauti ikajaa duka lote, safi, bila mkwaruzo, niligeukia kiti chako kuona kama umeridhika. Baada ya yote hayo, nilitaka wewe ndiwe uniambie ni nzuri.

Nakuahidi, siku nyingine sitageuka.

Nekesa