Ahadi ya Maji Haikufutika

Newala, Alhamisi

Sauti ipo. Mama Salma, fundi wetu wa mitambo hapa redioni, ameniambia jioni hii. Meneja aliifuta kwenye kompyuta, lakini mfumo wa kuhifadhi faili hupiga picha ya kila kitu kila saa, yaani hutunza nakala yake kamili, na kilichomo kwenye picha hiyo hakifutiki kwa kubonyeza tu.

Ni sauti niliyorekodi ya ofisa aliyewaahidi kinamama wa sokoni maji ya bomba kabla ya kiangazi. Sasa anakana. Anasema nimeichezea.

"Utaichezeaje?" Mama Salma alicheka. "Kila kipande cha faili kina alama yake. Ukibadili hata neno moja, mfumo unagundua. Na nakala pacha iko Masasi, hata jengo hili likiungua."

Baadaye meneja aliniita. "Baba Neema, umechoka kazi? Muombe ofisa radhi hewani."

"Nimechoka kununua maji kwa ndoo," nilimjibu.

Hofu ninayo. Neema anasoma kwa mshahara huu. Lakini sitaomba radhi kwa maneno ambayo mtu mwingine aliyasema kwa kinywa chake.

Mama Salma ameshairudisha. Jumatatu saa moja asubuhi, zamu ya kusoma habari ni yangu.