Mhimili Tuliong'oa Mugeta

Mpendwa Baba Nyangeta,

Ulinioa sijui kuandika, ukaondoka sijui. Nimejifunza baada yako, kwenye kisomo cha watu wazima katika ghala la pamba hapa kijijini. Juzi mwalimu aliandika "nguzo" ubaoni, akatuuliza ni maneno gani mengine yanakaribiana nalo. Mimi nikayataja mfululizo: mhimili, mwega, boriti, tegemeo. Mwalimu akacheka kwa furaha. "Mama, umeyatoa wapi?" Nikamjibu kwamba mume wangu alikuwaga fundi wa nyumba. Hilo "alikuwaga" nikalisikia mwenyewe. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya ghala mpaka wenzangu walipomaliza somo.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Kigera kumjengea mwalimu wa shule nyumba? Uhuru ulikuwa bado mbichi, watu wakisalimiana kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mimi nilikuwa nauza furu wa kukaanga kando ya njia. Hukujua Kijita, nami sikujua Kiikizu, basi tukashika Kiswahili, wewe chako cha kuungaunga na mimi changu cha sokoni. Uliniuliza, "Hawa samaki wanaitwaje?" Nikakwambia furu. Kesho yake ukamnyooshea kidole ningu, samaki mwingine kabisa, ukaniambia, "Nipe furu mkubwa." Nilicheka mpaka mama akatoka ndani kutazama. Ulikuwa umeshanipata, sema hukujua.

Uliponileta kwenu Mugeta ikawa zamu yangu kuchekwa. Ulikuwa unajenga nyumba yetu, na kila ulichonituma nilikiita mti. Mti wa pembeni, mti wa kati, mti wa juu. Ukashuka kwenye paa, ukakaa karibu yangu.

"Mti uko porini," ukasema. "Ukishaingia nyumbani unapewa jina. Hizi za ukutani ni nguzo. Ile ya katikati, inayobeba paa lote, ni mhimili. Hiyo iliyolala juu ni boriti. Na ule nilioegemeza ukuta wa mama usije ukalala, ule ni mwega."

"Si zote zinashikilia nyumba?"

"Zinashikilia. Lakini ukiniambia nilete mti, nitakuletea kuni."

"Na tegemeo?"

Ukanitazama. "Tegemeo ni mtu," ukasema, ukapanda tena juu ya paa haraka kama mtu aliyeona haya.

Mama yako alikuwa anatusikiliza kutoka mlangoni kwake. Hakuwa anajua Kiswahili, ama ndivyo tulivyodhani, na kila tulipocheka aliamini tunamsengenya. Nilikuwa namwogopa sana.

Kisha ikaja ile Operesheni ya vijiji. Viongozi walifika asubuhi, wakatuambia sote tuhamie kando ya barabara, tukae pamoja, tupate shule na maji. Hukubisha. Jirani yetu alibisha, paa lake likashushwa na watu wengine huku yeye anatazama. Wewe ukasema, "Ya kwangu nitaishusha mwenyewe." Ulianza na nyasi, ukaja kwenye fito, ukafungua kila kamba kwa vidole bila kuikata. Mimi nilipokea chini, na Nyangeta akizipanga akidhani ni mchezo.

Mhimili ulibaki peke yake umesimama kiwanjani. Uliuchimba kutwa nzima. Mhimili ulipolala chini tukaona mchwa walikuwa wameshaula mguuni, na sisi tulikuwa tukilala chini yake miaka yote hiyo. Uliupigapiga kwa kiganja, ukasema tu, "Huu haubebi tena." Sijawahi kukuona umechoka vile. Uliuacha pale pale, tukapakia vilivyobaki kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Mvua zilitukuta kando ya barabara hatuna paa. Nguzo nzima ulizipeleka kwa mama yako kwanza. "Sisi bado vijana," ukasema. Ulijenga umelowa, ukalala umelowa, na kikohozi kikakuingia kifuani. Nilikukanda kwa maji ya moto. Nilikusihi upumzike. Ukawa unasema, "Nikimaliza ukuta wa mama." Kilipokuwa kichomi ukashindwa kusimama, na ndugu zako wakakupandisha kwenye mkokoteni ule ule kukupeleka Bunda hospitali.

Nilikuwa nimekipakata kichwa chako. Jua lilikuwa kali, nikakufunika uso kwa khanga yangu. Tulipoanza kuziona nyumba za Nyasura, pembeni mwa Bunda, ukafumbua macho.

"Ule mwega wa ukuta wa mama, umeuweka?"

"Nimeuweka, Baba Nyangeta. Ukuta umesimama."

"Haya," ukasema.

Nilidhani umelala. Ndugu yako aliyekuwa anaswaga ng'ombe ndiye aliyegeuka, akakutazama, akasimamisha mkokoteni.

Msibani mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema nguzo ya familia imeanguka. Watu wakaitikia. Mimi nilitaka aseme jina lako, basi. Matanga yalipokwisha, ndugu zako wakakaa kunijadili: nirithiwe na mdogo wako, au nirudi kwetu Kigera na watoto wabaki. Nilikaa chini na sikuulizwa neno. Ndipo mama yako akatoka ndani, akaja akasimama mbele yangu, akawapa mgongo wanawe. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka mto, "Wewe unataka nini?"

Nikasema nataka kukaa na wanangu, bila mume mwingine.

Akawageukia akawaambia kwa Kiikizu. Nikamwelewa kila neno: "Anakaa. Atakayemgusa aniguse mimi kwanza."

Nilikaa naye miaka, Baba Nyangeta, mpaka nilipomzika mimi. Sasa naongea Kiikizu kutwa, wageni wananiuliza mimi ni wa ukoo gani wa hapa. Hukuwahi kunisikia. Kiswahili chetu kile, chenye Kijita upande huu na Kiikizu upande ule, sina wa kuongea naye. Watoto wana Kiswahili cha shule, kimenyooka, na wananisahihisha.

Nyangeta anasoma Musoma. Likizo hii tulikuwa tunachambua pamba, akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, baba sauti yake ilikuwaje?"

Nikasema ngoja nikuigizie. Nilichagua namna ulivyokuwa ukiniita nikiwa kisimani, ukivuta jina langu mpaka mwisho. Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti yangu. Nikajaribu tena. Ikatoka sauti yangu. Mtoto akanishika mkono, akaniambia, "Basi, mama. Acha."

Kama huko kuna ruhusa, niite mara moja tu.

Mimi mkeo,
Mama Nyangeta